Namba 750 Si Siri: Jinsi ya Kusoma Chapa, Rangi na Alama za Pete

Picha ya mkono wa mtu maarufu ikisambaa, haipiti saa moja kabla wasomaji wa vidole hawajajitokeza. Huyu anasema pete nyeusi ni ya chama cha siri. Yule anasema kaivaa mkono wa kulia, basi ndoa imevunjika. Wa tatu ameikuza picha mpaka imekuwa ukungu, anaapa kwamba kwa ndani ameona namba 750 na kwamba namba hiyo haikuwekwa bure. Pembeni kuna mtu mtulivu mwenye swali lake mwenyewe: pete yangu ya dhahabu imeanza kuniachia ukijani kidoleni, je, nimeuziwa feki?

Maswali haya huchanganywa kana kwamba ni jambo moja, kumbe ni matatu. Chapa iliyogongwa ndani ya pete inahusu madini, na mara nyingi nyuma yake kuna sheria. Rangi ni habari ya kemia. Alama ya juu, iwe moyo, tai, msalaba au bikari, ni makubaliano ya watu, na haina uzito wowote kwa wasiokuwamo kwenye makubaliano hayo. Karibu mkanganyiko wote huzaliwa pale mtu anapotafuta siri kwenye namba ya madini, au anapotafuta madini kwenye rangi.

Nianze na ndani ya pete, maana ndiko kwenye ukweli mwingi na ndiko watu wasikoangalia.

Namba za ndani

Dhahabu tupu ni laini. Pete iliyotengenezwa kwa dhahabu isiyochanganywa hupinda na kukwaruzika upesi, na vile vijino vinavyoshika kito hulegea. Ndiyo maana sonara huichanganya na shaba nyekundu, fedha, zinki au paladiamu ili ipate ugumu. Mchanganyiko huo huitwa aloi. Sasa swali: humo ndani dhahabu ni kiasi gani? Kuna njia mbili za kulijibu, na zote utazikuta zimegongwa kwenye pete.

Ya kwanza ni karati. Chukulia pete imegawanywa mafungu 24 yaliyo sawa. Karati 18 maana yake mafungu 18 ni dhahabu na sita ni vitu vingine. Karati 24 ni dhahabu yote. Kwa nini 24, si kumi wala mia? Neno lenyewe limetokana na mbegu ya mkarobu, ambayo zamani ilitumika kupimia uzito, likapitia Kigiriki na Kiarabu hadi kutufikia. Sarafu ya dhahabu ya Roma iliyoanzishwa na mfalme Constantine, iliyoitwa solidus, ilihesabiwa kuwa na uzito wa mbegu 24 za namna hiyo. Sarafu ilikufa, hesabu ikabaki.

Ya pili ni kuhesabu kwa elfu. Pete iliyogongwa 750 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila sehemu 1,000, yaani robo tatu, na robo tatu ya 24 ni 18. Kwa hiyo 750 na karati 18 ni kitu kilekile kilichotajwa kwa lugha mbili. Siri ya yule aliyekuza picha imeishia hapo. Kwa hesabu hiyohiyo, 916 ni karati 22, 585 ni karati 14, 417 ni karati 10 na 375 ni karati 9. Ukiwa na kikokotoo utagundua kwamba 14 kugawanya kwa 24 haileti 0.585 bali 0.583. Ni kweli. Kiwango kinachotumika leo ni 585, lakini pete za iliyokuwa Muungano wa Kisovieti ziligongwa 583 kwa miaka mingi, na anayeirithi leo asidhani namba imekosewa.

Itazame hiyo 375 kwa makini. Dhahabu humo haifiki nusu, maana asilimia 62.5 ni madini mengine. Hata hivyo nchini Uingereza sheria inairuhusu iitwe dhahabu, na Ujerumani pete za 333, yaani karati 8, ni za kawaida. Anayeuza pete kama hiyo na kusema ni dhahabu hajadanganya. Ila mnunuzi ajue kwamba neno "dhahabu" peke yake halijamwambia kitu.

Kwa fedha namba maarufu ni 925: sehemu 925 ni fedha, zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Platinamu nyingi za pete hugongwa 950, mara nyingi zikiwa na herufi Pt mbele. Namba 316L si ya dhahabu wala fedha. Hiyo ni chuma cha pua, kigumu na kisichoshika kutu kirahisi, na hakuna aibu kukivaa ilimradi umekinunua kwa jina lake.

Kuna mtego kwenye neno karati lenyewe. Kwenye madini karati hupima usafi, lakini kwenye vito hupima uzito, na karati moja ya kito ni gramu 0.2. Hivyo almasi ya karati mbili haina uhusiano wowote na dhahabu ya karati mbili. Ukikuta ndani ya pete pameandikwa 0.50 karibu na 750, hiyo 0.50 huenda ni uzito wa kito, nusu karati, na wala haipingani na namba jirani yake.

Herufi zinazofuata namba

Hapa ndipo watu hulia. Herufi GP, GEP na HGE humaanisha kwamba pete imechovywa: kuna tabaka jembamba la dhahabu juu ya madini mengine. Pete iliyogongwa 18K GP haina dhahabu ya karati 18 mwili mzima, karati hizo ni za lile tabaka. Ni sawa na ukuta uliopakwa rangi ghali. Rangi ni halisi kabisa, lakini ndani ni tofali.

GF ni afadhali. Hapo bamba la dhahabu limebanwa kwa joto na mgandamizo juu ya madini mengine, nalo ni nene kuliko la kuchovya. Ukiona 1/20 14K GF, soma hivi: sehemu moja kati ya ishirini ya uzito wa pete ni dhahabu ya karati 14.

KP ndiyo inayowaponza watu. Kwa kuwa wamezoea kwamba P ni ya kuchovya, wakiona 14KP wanaitupa au wanaiuza kwa bei ya kutupa. Kumbe herufi hizo humaanisha karati 14 kamili, zisizopungua. Hukumu yake ni kinyume kabisa cha GP, na tofauti ni herufi moja.

Kinyume chake kipo pia. Pete inang'aa manjano, lakini ndani imegongwa 925. Mgongaji hajakosea. Ni pete ya fedha iliyochovywa dhahabu, na chapa imetaja mwili, si nguo. Halafu kuna yale majina yenye neno fedha ndani yake, kama "fedha ya Kijerumani" au alpaca. Hiyo ni shaba, nikeli na zinki. Fedha humo hakuna hata chembe, jina limekuja kwa sababu ya weupe wake.

Nani aliyegonga?

Mtu yeyote mwenye nyundo na kigongeo anaweza kuandika 750 kwenye shaba. Kwa hiyo namba peke yake ni maneno ya muuzaji. Uingereza ililiona tatizo hili mapema sana. Mwaka 1300 Mfalme Edward I aliweka sheria kwamba vyombo vya fedha vipimwe na vigongwe kichwa cha chui kabla ya kuuzwa, na kuanzia 1478 mafundi wa London walitakiwa kupeleka kazi zao kwenye jumba la chama cha masonara zikapimwe na mpimaji wa kudumu. Mfumo huo ungali hai. Kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, ua la waridi ni Sheffield, ngome ni Edinburgh. Ufaransa nayo hugonga kichwa cha tai kwenye dhahabu ya karati 18.

Sasa fikiria mtu asiyejua hayo anapokuta kichwa cha chui au nanga ndani ya pete ya marehemu babu yake. Atasema babu alikuwa na mambo yake. Au atasema alikuwa baharia, ilhali Birmingham iko mbali na bahari. Alama hizo ni mihuri ya ofisi ya vipimo, sawa na muhuri uliopo chini ya jiwe la mizani sokoni.

Na pete isiyo na chapa? Hapo usikimbilie kuhukumu. Sheria nyingi husamehe vitu vyepesi mno. Kwa mfano, Uingereza hailazimishi chapa kwa dhahabu iliyo chini ya gramu moja. Pia pete ikipunguzwa au kuongezwa ukubwa, sonara huikata nyuma, na mara nyingine hukata palepale palipokuwa na chapa. Kwa upande mwingine, sumaku ambayo watu huipenda sana hutoa jibu nusu tu. Pete ikinaswa na sumaku kwa nguvu, si dhahabu. Isiponaswa, bado hujajua kitu, maana shaba, fedha, risasi na alumini nazo hazinaswi. Kipimo cha kuaminika ni sonara anayekwaruza pete kwenye jiwe jeusi na kudondoshea tindikali kwenye mkwaruzo, au mashine ya mionzi ya eksirei inayosoma madini bila kuikwaruza pete. Hata mashine hiyo husoma zaidi sehemu ya juu, kwa hiyo mchovyo mnene unaweza kuihadaa.

Rangi ya madini, na kile kijani

Dhahabu haibadiliki rangi kwa kupenda kwake, inafuata ilichochanganywa nacho. Shaba ikizidi, inakuwa ya waridi. Fedha ikizidi, inaelekea ukijani mwepesi. Fedha na shaba zikisawazishwa, inabaki manjano tuliyoyazoea. Dhahabu nyeupe hupatikana kwa kuongeza nikeli au paladiamu. Kwa hiyo pete ya waridi ya 750 na pete nyeupe ya 750 zina dhahabu kiasi kilekile. Anayekwambia kwamba moja ni "dhahabu zaidi" kwa sababu ya rangi anakuuzia macho yako.

Dhahabu nyeupe inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa imeshavunja urafiki wa wanunuzi na masonara wengi. Aloi yenyewe si nyeupe kabisa, ina kijivu au manjano kwa mbali. Ule mng'ao wa kioo unaouona dukani ni tabaka la rodiamu, madini meupe ya jamii ya platinamu, lililochovywa juu. Likilika kwa kusuguliwa kila siku, manjano yanachungulia, na mwenye pete anapiga kelele kwamba ameibiwa. Hakuibiwa. Pete inarudishwa, inachovywa upya, maisha yanaendelea. Kosa la muuzaji ni kutomwambia mapema. Nikeli nayo huwasha ngozi za baadhi ya watu, ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kiasi cha nikeli kinachoruhusiwa kutoka kwenye vitu vinavyogusa ngozi muda mrefu.

Turudi kwa yule mwenye kidole cha kijani. Jasho lina chumvi na tindikali hafifu. Vikikutana na shaba hutengeneza chumvi za shaba zenye rangi ya kijani, zilezile zinazoonekana kwenye sanamu kuukuu za shaba. Hazina uhusiano na wivu wa mume, damu mbaya wala jicho la mtu, na kwa kawaida hazidhuru, hutoka kwa sabuni. Je, ni ushahidi wa feki? Si lazima. Pete ya 375 ina shaba ya kutosha kuacha alama kwenye ngozi yenye jasho jingi, na pete ya 925 pia. Lakini ikiwa uliuziwa kwa jina la karati 22 na inakuachia kijani kila siku, mtembelee sonara mwingine.

Weusi wa fedha ni habari nyingine: ni salfa ya hewani, na ya baadhi ya vitu tunavyogusa, inayoungana na fedha juu ya uso wa pete. Kitambaa cha kusafishia huuondoa.

Na pete nyeusi kabisa, ile iliyowatoa watu jasho kwenye picha? Nyingi ni titani, tungsteni au chuma cha pua kilichopakwa tabaka jeusi, na huvaliwa kwa sababu ni ngumu na wengine wanapenda rangi hiyo. Uingereza ya karne ya 18 na 19 kulikuwa na pete za msiba zenye enameli nyeusi, na nyeupe mara nyingi ikawa ya mtoto au mtu aliyekufa bila kuoa wala kuolewa. Tangu miaka ya 2000 watu wasiovutwa na tendo la ndoa wamekuwa wakivaa pete nyeusi kidole cha kati cha mkono wa kulia ili watambuane. Weusi uleule, habari mbili zisizojuana. Ndiyo maana rangi pekee haitoshi kumsoma mtu.

Rangi ya vito

Yakuti nyekundu na yakuti samawi ni ndugu wa tumbo moja. Zote ni madini ya korandamu. Chembe za kromiamu huipa wekundu, chuma na titani huipa ubuluu. Zumaridi vilevile ni jiwe moja na akwamarini ya buluu ya bahari, zimetofautishwa na uchafu kidogo tu ndani yake. Kwa hiyo macho hayatoshi. Hata wafalme walikosea: lile jiwe jekundu kubwa mbele ya taji la kifalme la Uingereza, liitwalo Yakuti ya Mwanamfalme Mweusi, si yakuti. Ni spineli, jiwe la aina nyingine kabisa.

Tanzanite, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ni mfano mwingine. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, na ubuluu wa zambarau tunaoujua huletwa na joto la tanuri. Hilo halilifanyi kuwa feki, ni utaratibu unaokubalika wa biashara hiyo.

Je, kuna vito vya miezi ya kuzaliwa tangu enzi na enzi? Imani za vito na miezi ni za kale na zinapingana. Ila ile orodha iliyoenea, garneti kwa Januari, amethisto kwa Februari na kuendelea, iliwekwa rasmi mwaka 1912 na chama cha masonara wa rejareja wa Marekani. Tanzanite iliongezwa kwenye Desemba mwaka 2002. Waliopanga walikuwa wafanyabiashara, na walipanga kwa akili ya biashara.

Zile pete za hisia za miaka ya 1970, zinazogeuka buluu ukifurahi, zina fuwele za kimiminika zinazobadilika kwa joto la ngozi. Ikiwa nyeusi, mara nyingi mkono wako una baridi, au maji yameingia ndani na pete imekufa.

Ninayoipenda zaidi ni pete ya karne ya 19 iliyoandikwa kwa mawe. Vito hupangwa ili herufi za kwanza za majina yao ya Kiingereza ziunde neno: yakuti nyekundu (ruby), zumaridi (emerald), garneti (garnet), amethisto (amethyst), yakuti nyekundu tena (ruby), kisha almasi (diamond), na anayejua anasoma REGARD, yaani heshima na mapenzi. Asiyejua anaona rangi tano zisizopatana.

Alama za juu

Pete ya muhuri ndiyo mama wa pete nyingi zenye alama. Haikuwa pambo. Ilikuwa saini. Hadithi sahihi zinaeleza kwamba Mtume Muhammad alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa hawasomi barua isiyo na muhuri, naye akatengenezewa pete ya fedha iliyochorwa "Muhammad Rasulullah". Waliipokea Abu Bakr, Umar na Uthman, mpaka ikaanguka kwenye kisima cha Aris. Kwa kawaida maandishi ya pete za muhuri huchorwa kinyumenyume ili yakigandamizwa kwenye nta yasomeke sawa. Herufi zilizogeuzwa kwenye pete kuukuu, ambazo wengine huzikwepa wakidhani ni uchawi, mara nyingi ni hilo tu.

Guni, kile kipimo cha pembe mraba, na bikari ni vifaa vya mwashi, na Freemason wamevifanya nembo yao. Lakini pete hiyo inauzwa hadharani na kununuliwa na yeyote. Kuivaa hakumwingizi mtu chamani, na kutoivaa hakumtoi. Wanaouza "pete ya utajiri" kwa nembo hiyo hawajauza chama wala utajiri, wameuza chuma chenye mchoro.

Pete ya Claddagh ya Ireland ina mikono miwili iliyoshika moyo wenye taji: urafiki, mapenzi, uaminifu. Kwa mazoea, ikivaliwa mkono wa kulia ncha ya moyo ikielekea nje, mwenyewe yuko huru. Ukiigeuza ncha ielekee kwako, moyo umeshachukuliwa. Huko Kanada, wahandisi tangu 1925 huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mwisho cha mkono wanaofanyia kazi, ili iguse karatasi kila wanapochora. Husemwa kwamba pete za kwanza zilitokana na vyuma vya daraja la Quebec lililoanguka 1907 na kuua watu 75. Ni simulizi tamu, ila si kweli.

Kuhusu mkono wa kulia na talaka: Ujerumani, Poland, Urusi na Norway pete ya ndoa huvaliwa mkono wa kulia. Ule mshipa wa mapenzi unaotoka kidole cha pete moja kwa moja hadi moyoni ni dhana iliyoenezwa tangu Roma ya kale. Mishipa ya vidole vyote hurudi moyoni kwa mpango uleule. Tena simu nyingi hugeuza picha ya kamera ya mbele, kulia ikawa kushoto. Kuna ndoa zimevunjwa mtandaoni na kioo.

Labda hakuna pete inayoonyesha jambo hili wazi kama ya Papa. Kila Papa hupewa Pete ya Mvuvi, ambayo zamani ilitumika kupigia muhuri barua zake. Akifa, pete ilikuwa ikipondwa kwa nyundo ili asitokee wa kughushi. Siku hizi hukwaruzwa alama ya msalaba usoni, kama ilivyofanyiwa ya Francis mwaka 2025. Ile yake ilikuwa fedha iliyochovywa dhahabu. Baada ya mikwaruzo ile miwili, fedha ilibaki fedha na mchovyo ukabaki mchovyo, lakini haikuwa tena muhuri wa mtu yeyote.